Tangazo Lilibandikwa

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata wilayani Rungwe, karatasi haina maisha marefu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na pale ambapo ubao hauna kioo wala kipaa, wino huanza kutiririka kabla wiki haijaisha. Kinachobaki ni muhuri, pini nne na nembo ya taifa. Lakini siku mgogoro ukizuka, karatasi hiyo iliyooza ndiyo itakayoitwa shahidi. "Tangazo lilibandikwa," ataandika ofisa, na mjadala utafungwa.

Mimi nataka tuufungue tena. Je, uamuzi unaweza kumfunga mtu ambaye habari yake haikumfikia?

Tumchukue mama mmoja. Nimemtunga mwenyewe, ila anayeijua Rungwe hatamshangaa. Anaishi kitongoji cha pembezoni mwa mji wa Tukuyu. Ana migomba, mistari michache ya chai na ng'ombe mmoja wa maziwa. Jumatano moja, saa nne asubuhi, akiwa shambani na kikapu mgongoni, wenzake wachache wanakutana kupitia mchoro wa mipango miji. Wanasaini karatasi ya mahudhurio. Mchoro unapitishwa. Miezi kadhaa baadaye vijana wa upimaji wanafika na kuchimbia bikoni katikati ya migomba, kwa kuwa hapo pamechorwa barabara ya mtaa. Anakwenda ofisini kuuliza.

"Mama, mkutano ulikuwa wa wote. Mlango ulikuwa wazi."

"Mlango upi, mwanangu?"

Wengi wetu, tukisikia kisa hiki, tunahukumu haraka. Wapo watakaosema ameonewa, na wapo watakaosema raia mzembe asilalamike. Wa pili nao wana hoja. Mji hauwezi kusimama kumsubiri kila mkazi. Tukuyu imejengwa kwenye migongo ya vilima, watu ni wengi na ardhi ni finyu. Bila mchoro, gari la wagonjwa halifiki nyumbani kwa mtu na mfereji wa mvua hauna pa kupita. Na anayekaa nyumbani siku ya mkutano kwa kuwa hapendi mikutano amejitoa mwenyewe. Kama kila asiyehudhuria angekuwa na haki ya kukataa, wasiohudhuria ndio wangetawala wanaohudhuria.

Sawa. Lakini hoja hiyo ina nguvu kwa mtu aliyejua akapuuza. Kwa asiyejua haina nguvu yoyote, na tumezoea kuwaweka watu hawa wawili kapu moja. Tunasema kutojua sheria si utetezi. Msemo huo una maana kwenye wizi: hakuna anayehitaji tangazo ili ajue kuku wa jirani si wake. Mipango ya ardhi ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hakuna dhamiri, hata iwe safi namna gani, inayoweza kumnong'oneza mtu kwamba mita ya 28 imegeuka kuwa ya serikali. Hilo hujulikana kwa kuambiwa tu. Na aliyekuwa na wajibu wa kusema alisema kwa Kiingereza, kwa maana sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa lugha hiyo. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria. Watu wengi kando ya barabara kuu za nchi hii walipata habari kupitia alama ya X ukutani: ya kijani kwa atakayelipwa fidia, nyekundu kwa asiyelipwa. Hiyo nayo, kwa maneno ya kiofisi, ni taarifa.

Kwenye makaratasi hatuko vibaya. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi mtu mzima ndani yake, kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji katika masuala ya sera. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kwenda matumizi mengine bila mkutano huo kukubali. Nchi zinazojisifu kwa demokrasia hazimpi mkulima wao nguvu kama hiyo. Kule Scotland, kwa mfano, jirani haulizwi kama anakubali. Ila huandikiwa barua: mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 20 kutoka eneo linaloombewa ujenzi hupelekewa taarifa na mamlaka ya mipango, naye hupewa siku 21 za kutoa maoni. Wao wana neno dogo linalofika mlangoni. Sisi tuna neno kubwa linalobaki ubaoni. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningesita, na kusita huko kunanisumbua.

Habari na uamuzi havikuwa vitu viwili mbalimbali Rungwe siku zote. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, *Good Company*, kilichotoka 1951, kuhusu vijiji vya rika: vijana walitoka kwa baba zao wakajenga pamoja, wakakaa jirani na wenzao. Thamani waliyoitukuza iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao, na ndani ya mazungumzo hayo mtu akajifunza adabu na hekima. Aliandika pia kuhusu pumzi ya watu. Jirani wakichukizwa na tendo la mtu, manung'uniko yao yaliaminika kumshukia kama baridi na homa, hata kama mkosaji ni mkubwa. Sihitaji kuamini homa hiyo ili nione busara iliyomo: nung'uniko la waliokaa kimya lilihesabiwa. Leo tunalisoma kinyume. Mtu akikaa kimya tunaandika "ameridhia".

Sitaki kuyapamba ya zamani. Pumzi hiyo hiyo iliwafukuza watu kijijini kwa tuhuma za uchawi, na kampuni njema ya barazani ilikuwa kwanza ya wanaume. Mama yetu wa migomba asingekaa nayo. Na wakati Wilson akiandika, mji wenyewe ulikuwa umeshachorwa na wageni. Wajerumani waliuita Neu Langenburg, jina la mahali pa kwao, na sidhani kama kuna aliyeulizwa maoni.

Siku hizi ukwangala umehamia kwenye simu, na hapa ndipo jambo linapotugusa sisi tunaosoma maandishi ya namna hii. Karibu kila kitongoji kina kundi la WhatsApp la wana wake walio Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko. Picha ya mchoro hupigwa na kurushwa kundini jioni ile ile. Kijana aliyepanga chumba Sinza anajua kiwanja cha babu yake kimeangukia eneo la biashara kabla shangazi yake, anayelima kiwanja hicho hicho, hajasikia kuna mchoro. Anapiga simu mbili, anamtafuta anayemfahamu halmashauri, jambo linarekebishwa. Tunaita hiyo kufuatilia mambo. Sioni ubaya wa kijana kulinda urithi wake. Ubaya ni kwamba mstari uliokwepa kiwanja chake lazima upite kwa mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni yule asiye na simu ya kuonyesha picha. Elimu yetu imetupa masikio marefu. Sijaona wengi wetu wakimpigia shangazi kwanza.

Katiba, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii. Naona tumeishika sehemu ya matukio tu. Tukio ni kitu kilichokwisha kutokea. Redio itatangaza kwamba mradi umezinduliwa na nani amekata utepe. Chai FM, redio ya jamii iliyoko Tukuyu, inasikika hadi jikoni ambako hakuna gazeti linalofika. Ofisi inayotaka mkutano wa Jumatano ujulikane ina pa kuanzia. Lakini habari inayostahili jina hilo katika mipango ni ile inayokukuta ukiwa bado unaweza kusema hapana. Ikija baadaye, hata iwe ya kweli namna gani, inakupa nafasi ya kuzoea tu.

Ofisa wetu atajibu kwamba hana bajeti, hana usafiri, na vitongoji ni vingi. Ningemhurumia kama nisingejua Rungwe inavyopashana habari pale inapotaka. Ipo misa ya Jumapili, ambapo matangazo baada ya ibada ni marefu karibu sawa na mahubiri; Wamoraviani wako hapa tangu 1891 na wana muda wa kutosha. Upo msiba, ambapo kijiji kizima hukaa mahali pamoja na mwenyekiti hupewa dakika zake kabla jeneza halijashushwa. Likija gari la kipaza sauti kutangaza mapokezi ya Mwenge, linapita hadi kwenye vichochoro vya matope.

Na lipo daftari la michango. Kitongoji kinapojenga darasa, hakuna anayebandika karatasi na kwenda zake. Mjumbe anajua kila nyumba, anajua siku ya malipo ya chai, anajua nani kauza ndama. Jina la mama yetu limo kwenye daftari hilo. Kwa ajili ya mchango wa darasa walimfikia mara tatu, moja ikiwa usiku, mvua ikinyesha.