Imani kwa Mkubwa na Uasi wa Dufile

Iwapo mtumishi anawajibika kumfuata mkubwa asiyemwamini ni swali ambalo siku hizi hujibiwa kwa hesabu za tija, yaani uwiano wa kazi iliyofanyika na nguvu iliyotumika, ilhali kwa asili yake ni swali la maadili, na historia ya West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, ina mengi ya kulijibu.

Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyeteuliwa mwaka 1878 kuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la himaya ya Misri, alikatiwa mawasiliano na wakubwa wake baada ya wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, kuiteka Khartoum mwaka 1885, akahamia Wadelai, kando ya Mto Nile. Mwaka 1888 msafiri Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumwokoa Emin, alileta barua ya Hedivi, mtawala wa Misri, iliyowapa askari hiari ya kuondoka au kubaki kwa dhamana yao wenyewe. Wengi waliishuku, kwa kuwa mtawala waliyemjua alizoea kuamuru, na njia ya Misri waliyoijua ilipitia Khartoum, wala haikuelekea kusini walikotakiwa kwenda. Agosti wakamfunga Emin katika boma la Dufile, kando ya Nile.

Hata hivyo, Novemba mwaka huohuo, wafuasi wa Mahdi walipoishambulia Dufile, askari haohao, wakiongozwa na afisa wao Selim Bey, waliwarudisha nyuma. Kumbe kazi ambayo mtendaji anaiona faida yake, kama kulinda boma lenye familia yake, huweza kufanyika vyema bila imani kwa mkubwa. Kinachokufa imani inapokosekana ni utayari wa kufuata pale ambapo mfuasi hawezi kuhakikisha anachoambiwa. Ndiyo maana mwanafalsafa Annette Baier, mwaka 1986, alieleza imani kuwa ni kukubali kuwa katika hali ya kuweza kudhuriwa na mwingine, kwa kutarajia kwamba hatadhuru.

Mzigo wa kujenga imani basi humwelemea zaidi mkubwa, kama mafundisho ya Kiislamu yanavyoyahesabu madaraka kuwa amana, kitu cha wengine ambacho aliyekabidhiwa ataulizwa habari zake. Emin hakuwa katili; alisitasita, na asiyejua kama yeye mwenyewe ataondoka hawezi kudai kufuatwa. Mwalimu wa leo wa Lurujo, huko huko West Nile, anayetakiwa kuvumilia mshahara uliochelewa yumo katika hali iyo hiyo, ingawa hatari yake ni ndogo zaidi.

Wala uasi ule haukuwa ukosefu wa uaminifu: Lugard, afisa Mwingereza, alipomkuta Selim Bey huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891 na kumtaka aingie katika utumishi wake, Selim alikataa kuhudumu chini ya bendera nyingine mpaka Hedivi, yuleyule ambaye barua yake ilishukiwa, atoe ruhusa.