Nani Ampishe Nani Dikoni?

Boti za dagaa zikirudi kwenye diko la Kunduchi alfajiri maji yakiwa yanapwa, kila nahodha ana hesabu moja kichwani: asipowahi kushusha, chombo kitapwelewa, naye atakaa juu ya mchanga akingojea maji yajae. Wakati wa bamvua bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo huu umelala tambarare, kwa hiyo maji yakianza kukimbia hukimbia kweli. Dagaa hawana subira hiyo. Jua likishapanda wanaanza kulainika tumboni, na mnunuzi aliyesimama na ndoo yake anaanza kutafuta sababu ya kupunguza bei.

Mbele, penye maji ya kutosha, imesimama ngalawa. Imetangulia kufika, imetia nanga, na amari yake, kamba ya nanga, imenyooka ikakinga njia. Mwenyewe, mtu mzima, anatoa samaki mmoja mmoja: changu wachache, tasi, pweza. Nyuma yake mashine inanguruma na vijana wako tayari kuruka majini. "Mzee, tupishe tushushe, maji yanatukimbia," anaita mmoja. Mzee hajibu. Kijana mwingine anaita tena, safari hii bila "mzee". Kuna siku mambo huishia hapo, amari ikalegezwa na boti ikapita. Kuna siku propela hupita juu ya amari, ngalawa ikabaki inaelea bila nanga, na mpaka adhuhuri diko zima linazungumza matusi badala ya bei ya samaki.

Ugomvi wa namna hii hauko Kunduchi peke yake. Msasani, Kawe, Ununio na Mbweni upande wa Kinondoni, Mtoni Kijichi huko Temeke, Mjimwema na Kimbiji katika Kigamboni iliyokuwa zamani sehemu ya Temeke: popote vyombo vingi vinapogombea kipande kidogo cha ufuo, swali ni lilelile. Na chini ya swali la nani atangulie liko lingine zito zaidi. Mzee akimpisha kijana, amempa haki yake au amemfanyia hisani? Tofauti yake ni kubwa. Mtu akinyimwa hisani hana pa kushtaki. Akinyimwa haki, amedhulumiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia jambo hili mapema, ingawa wao waliwaza zaidi masoko na barabara. Al-Mawardi, kadhi aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliandika katika kitabu chake cha hukumu za utawala juu ya matumizi ya mahali pasipo na mwenyewe: vituo vya wasafiri jangwani, pembezoni mwa njia, viwanja vya masoko. Msingi mmojawapo katika fikihi ni kutangulia. Imesimuliwa kutoka kwa Imam Ali kwamba soko hali yake ni ya msikiti: aliyewahi mahali ni pake kwa siku hiyo, mpaka atakapoondoka.

Kwa kanuni hiyo mzee wa ngalawa ameshinda kesi. Lakini tazama kanuni yenyewe inampa nini. Inampa nafasi kwa haja yake, basi. Haimpi ufuo. Akishamaliza kushusha samaki, akaketi ukingoni mwa chombo kushona nyavu huku wengine wanamngoja, haki ile imekwisha, na anachokalia sasa ni cha watu. Vivyo hivyo aliyeacha gofu la mashua mbovu juu ya mchanga mwaka wa tatu sasa ili asipoteze mahali pake: huyo hakutangulia, ameteka. Madiko ya Dar es Salaam yana magofu mengi ya aina hiyo, na yanakula nafasi kuliko watu wanavyokiri.

Kutangulia, basi, ni haki nyembamba. Bahari yenyewe ina kanuni nyingine, nayo imeandikwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wa kuzuia kugongana kwa vyombo baharini unasema chombo cha mashine kikipishe chombo cha tanga, na vyote viwili vikipishe kile ambacho nyavu zake zinakizuia kugeuka. Wenye nguvu ya kugeuka ndio wanaobebeshwa kazi ya kugeuka. Na aliyepishwa naye ana wajibu: ashike njia yake bila kuyumba, ili mwenzake ajue atapita wapi, na akiona hatari imekaribia aikwepe hata kama kanuni iko upande wake. Mkataba huo haumpi yeyote ruhusa ya kugonga kwa kuwa alikuwa na haki.

Nahodha mtu mzima hahitaji kuusoma. Anajua kwamba ngalawa yenye tanga, upepo wa kusi ukiwa umeshika, haiwezi kusimama pale ilipo wala kurudi nyuma. Boti la mashine linaweza. Kulitaka lisubiri ni kulitaka litoe kile lilicho nacho. Lakini hoja hiyohiyo inamgeukia mzee siku nanga yake imeshatulia: sasa yeye ndiye mwenye uwezo wa kusogea, kwa kulegeza amari pima moja au mbili tu, na wenye boti lililojaa, maji yakiwapungukia chini, ndio wanyonge. Unyonge dikoni haumkai mtu mmoja daima. Unahama na maji, na upepo, na mzigo. Ndiyo maana orodha ya nani atangulie, hata ikibandikwa ukutani, haitoshi. Inatakiwa akili ya kutazama nani sasa hivi hana pa kwenda.

Kuna watakaosema: haya ni mambo ya tabia njema, usiyaite haki. Jibu limo katika swali la nani mwenye ufuo. Sheria ya Kirumi iliyokusanywa kwa amri ya Kaizari Justinian mwaka 533 iliweka hewa, maji yatiririkayo, bahari na ufuo wake kuwa vya watu wote. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Dawud inawashirikisha watu katika maji, malisho na moto. Na Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, alishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba kilicho cha mtu ni jasho lake alilolimwaga juu yake. Mwenye hoja hiyo baadaye aliishi Msasani, karibu na bahari na wavuvi wake. Samaki ni wa mvuvi, maana ni jasho lake, na chombo ni chake. Mahali pa kushushia si pake, wala si pa yule wa nyuma. Ni pao wote wawili kwa wakati mmoja. Mtu akisimama juu ya kitu ambacho mwenzake naye ana fungu ndani yake, akampisha, amerudisha fungu la mwenzake. Hapo hakuna zawadi.

Hili linawahusu pia wasiokuwa na chombo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo mtu anaweza kutembea mwendo mrefu Mbezi Beach au Msasani akiwa nyuma ya kuta, anasikia mawimbi asione maji. Kila ukuta unaofunga kichochoro cha kuendea pwani unasukuma ngalawa, boti za uvuvi na boti za kupeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo zijazane kwenye uwazi mdogo uliobaki. Kisha watu wanashangaa wavuvi wana ulimi mkali! Sehemu ya ukali huo ilimwagwa pamoja na zege.

Tukiacha wenyeji, kuna mgeni. Wavuvi wa pwani hii wana desturi ya zamani ya kwenda dago: msimu ukigeuka, wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, wakapiga kambi kwenye ufuo wa watu kwa wiki au miezi. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana kwa hilo kutoka Tanga mpaka Dar es Salaam na hata Kenya. Mwenye dago haingii kimya. Hupiga hodi kwa wazee wa diko na kwa uongozi, akaeleza ametoka wapi, ana watu wangapi, anavua kwa zana gani. Akishapokewa, anashusha pale pale wanaposhusha wenyeji, na anashika miiko ya pale: siku isiyovuliwa havui, zana isiyotakiwa haitumii.

Haki ya mgeni iliwazwa mbali na hapa pia. Mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeishi karibu maisha yake yote Königsberg, mji wa bandari, aliandika mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, na ndani yake akaweka haki ya mgeni kutotendewa kama adui anapofika kwenye nchi ya wengine. Alisisitiza kwamba hapo hazungumzii upendo kwa wanadamu, anazungumzia haki, kwa sababu watu wote wana umiliki wa pamoja wa uso wa dunia, nao uso huo una mwisho, hivyo hawana budi kuvumiliana wakiwa karibu. Akaongeza kwamba haki hiyo ni ya kuzuru. Kukaa moja kwa moja kunahitaji makubaliano mengine. Wavuvi wa dago wameishi hivyo vizazi na vizazi. Fujo huzuka pale upande mmoja unapoacha fungu lake: mgeni asipopiga hodi, au mwenyeji akipokea hodi kisha akaigeuza kuwa kodi ya mfukoni mwake.

Wahubiri wa pwani wanapenda hadithi ya Mtume ya watu wa jahazi, iliyosimuliwa na Nu'man bin Bashir na kupokewa na Bukhari. Watu walipiga kura, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda kuteka maji, wakawapitia wa juu. Wakaona bora watoboe tundu upande wao. Wa juu wakiwaacha, wote wanazama. Wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Mahubiri mengi hukimbilia tundu. Yafaa kusimama kidogo kabla ya tundu, kwenye nia ya wale wa chini: walitaka wasiwaudhi walio juu. Walikuwa na adabu! Walichokosa ni mazungumzo. Hakuna aliyesema, "Jamani, tunapanda mara nyingi mno, tufanyeje?" na hakuna wa juu aliyeshusha kamba na ndoo. Adabu ya kunyamaza ili kuepusha maudhi ndiyo iliyokaribia kuwaangamiza. Dikoni ni vivyo hivyo. Kijana anayeita "Mzee, tupishe" anamheshimu mzee kuliko yule anayekaa kimya, moyo unachemka, kisha anapita na propela.

Mzee naye asijibu kwa kimya. Mwenye haki anadaiwa maneno mazuri kuliko asiye nayo. Mwaka 2012, nauli ya kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Waliolalamika walijibiwa na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi au azunguke kwa barabara. Serikali ilikuwa na mamlaka ya kupanga nauli, na pengine hesabu zake zilikuwa sahihi. Aprili 2016 huyohuyo, wakati huo akiwa Rais, alizindua Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 kuvuka mkondo wa Kurasini, na leo maelfu wanalitumia. Ugomvi wa nauli ulipita. Neno la mbizi watu wa Kigamboni wanalikumbuka mpaka kesho.

Je, yote haya yaachiwe mioyo ya watu? Hapana. Mchumi Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alieleza habari za wavuvi wa Alanya, Uturuki, waliochoshwa na ugomvi wa mahali pa kuvulia. Waliandika majina ya wenye leseni, wakayapa majina maeneo yote, na kila Septemba wakapiga kura. Kisha kila siku kila mvuvi alisogea eneo moja upande wa mashariki mpaka Januari, halafu wakageuza. Kila mtu alipata zamu ya mahali pazuri, na aliyeibiwa zamu yake alikuwa pale pale kulinda. Hakuna polisi aliyeletwa. Kura ilifanya kazi kwa sababu kila mmoja alikubali kwanza kwamba mwenzake ni sawa naye.

Kinondoni, Temeke na Kigamboni hazina haja ya kuagiza kitu kutoka Uturuki. Vikundi vya BMU, vile vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, vipo, na wazee wa madiko wapo. Viongozi wa vikundi hivyo waanze na machache: waondoe magofu ya vyombo vilivyokufa, waache mlango mmoja wa maji usiotiwa nanga na mtu yeyote saa za kupwa, na chombo kilichokwisha kushusha kisogee bila kuombwa mara ya pili. Halmashauri nazo, zinapopima viwanja vya pwani, zichore njia ya kwenda dikoni kwenye ramani kabla ya kuchora kiwanja cha kwanza, na pale ilipokwisha kufungwa ziifungue.

Na nahodha wa boti la mashine, ukiiona ngalawa imeshusha tanga inaingia, zima mashine usubiri. Mzee wa ngalawa, nawe ukishatia nanga ukawaona vijana wanapwelewa, legeza amari kabla hawajakuita.