Nguvu ya Kutumiwa na Umbo la Kutazamwa



Swali tutakalolizungumza hapa ni hili: Mtu afanyaye mazoezi ya mwili, autengezea nini mwili wake? Autia nguvu na siha ili uweze kazi yake, au aupamba ili watu wautazame? Huenda wengine wakaliona swali hili kuwa dogo, lisilostahili wino. Sisi twaliona kuwa kubwa, kwani mwili ni amana, na kila aliyewekewa amana hana budi kuulizwa aliitumia vipi.

Darasa yetu hukutana Satellite, upande wa magharibi wa Nairobi, karibu na Kawangware. Wasomaji wetu wengi wako Mombasa, Malindi na Lamu, nao watasema: Ya Satellite yatuhusu nini? Yawahusu, kwa sababu vijana wenu wako huku. Mwawaleta kwa kazi na kwa masomo ya juu, wakapanga vyumba kandokando ya Naivasha Road, na jioni wengi wao huenda kunyanyua vyuma. Mahali pengine ni jumba lenye vioo ukutani na mashine zing'aazo. Pengine ni kibanda cha mabati, na uzito wenyewe ni mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa kipande cha bomba. Vijana hao hujipiga picha, na picha hufika Pwani kabla ya barua na salamu. Kwa hiyo jambo hili si la mji mmoja.

Wako wazee wasemao kwamba mambo haya yote ni upuuzi, na kwamba baba zetu hawakunyanyua vyuma wala hawakupungukiwa na kitu. Maneno hayo si ya haki. Baba zetu hawakuhitaji vyuma kwa kuwa kazi zao zilikuwa ni vyuma: walitweka foromali, walivuta makasia, walibeba magunia bandarini, na vijana wa Lamu walipocheza kirumbizi walicheza kwa jicho, kwa mkono na kwa mguu. Sisi leo twakaa dukani tangu asubuhi hata usiku, twapanda tuktuk kwenda mahali ambapo mzee wetu angalikwenda kwa miguu, na bado chakula chetu ni kile kile cha mtu aliyeshinda akivuta kamba. Kisha twastaajabu maradhi ya sukari na shinikizo la damu kuingia kila nyumba. Waganga watwambia kwamba msuli ndio upokeao sehemu kubwa ya sukari ya chakula kutoka katika damu. Msuli usiofanya kazi huacha mlango wake umefungwa, na sukari hubaki kuzunguka ndani ya damu na kuharibu macho, figo na miguu.

Tena tazameni misikitini mwetu. Viti vimeongezeka katika safu. Hatuwasemi wagonjwa, kwani dini ni nyepesi na mgonjwa ana ruhusa yake. Twasema kwamba wako wengi ambao kilichowaweka kitini ni mapaja yaliyodhoofika kwa kukaa, wala si maradhi yasiyozuilika. Mtu akipita umri wa kati msuli humpungua mwaka baada ya mwaka asipoushughulisha, hata siku moja akasujudu na kuinuka kukamshinda. Mtume wetu (s.a.w.) alimtukuza Muumini mwenye nguvu juu ya Muumini dhaifu, ingawa wote wawili hakuwanyima kheri. Basi aitafutaye nguvu hana lawama; hukumu inataka kujua aitafutia nini.

Katika Sura ya Al-Qasas tumesimuliwa habari za Nabii Musa alipofika Madyan, naye ni mkimbizi asiye na chakula wala mwenyeji. Aliwakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao pembeni, wakingoja wachungaji waondoke kisimani. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akarudi kivulini. Hakungoja shukrani. Ndipo mmoja wa wanawake wale akamshauri baba yake amwajiri mtu huyo, na sifa alizozitaja ni mbili tu: nguvu na uaminifu. Nguvu yake ilijulikana kwa wanyama walioshiba maji, na uaminifu wake kwa namna alivyoenda zake.

Hapa ndipo tuonapo tofauti. Nguvu ni mali ya kutumiwa, nayo kila itumiwapo kwa kiasi huzidi. Umbo la kutazamwa ni mali ya namna nyingine: lataka macho ya watu kila siku, na siku macho yakigeukia kwingine, mwenye umbo huwa fakiri. Mwenye nguvu husaidia watu, na mwenye umbo la kutazamwa huwategemea watu wamwambie kwamba yuko.

Kioo nacho si mwalimu mwema. Kioo huonyesha kifua na mikono, hakionyeshi mgongo wala nyuma ya mapaja, na kwa sababu hiyo vijana wengi hujenga mbele na kusahau nyuma. Lakini umnyanyuapo mgonjwa kitandani, kazi kubwa ni ya mgongo na mapaja. Tena kioo huchelewa kujua. Katika majuma ya kwanza ya mazoezi nguvu huzidi kabla ya msuli kuvimba, kwani mishipa ya fahamu hujifunza kwanza kuiamsha misuli iliyokuwa imelala. Kijana apimaye kwa uzito anaounyanyua atashukuru kwamba amepata. Kijana apimaye kwa kioo ataona hajapata kitu, na hapo ndipo amjiapo mwuza dawa.

Dawa hizo ni homoni za kiume zilizotengenezwa viwandani, nazo huuzwa kwa siri, vidonge na sindano. Huvimbisha msuli upesi, hilo si uwongo. Lakini huharibu ini, hunenepesha ukuta wa moyo, huchafua mafuta ya damu, na huuambia mwili usitengeneze tena homoni yake wenyewe, hata korodani zikasinyaa na mbegu za uzazi zikapungua au zikatoweka. Kwa kijana ambaye hajamaliza kukua, huweza kufunga mifupa yake kabla ya wakati, akabaki mfupi. Basi fikirini: kijana ajionyesha kuwa dume, na ndani yake udume unazimwa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Mambo hayakuanza hivyo. Tarehe 14 Septemba 1901 Eugen Sandow, mtu maarufu kwa nguvu zake, aliandaa katika jumba la Royal Albert Hall, London, shindano kubwa la kwanza la miili iliyojengwa, na miongoni mwa waamuzi alikuwamo mwandishi Arthur Conan Doyle. Waamuzi waliambiwa watazame pia ulinganifu wa viungo, hali ya ngozi na siha ya mtu kwa jumla. Yaani umbo lilitazamwa kama dalili ya afya. Baadaye dalili ikaachana na kile ilichokuwa ikikidalilisha. Machi 1996 Andreas Münzer wa Austria, mmoja wa watu waliosifiwa mno kwa misuli iliyochongoka pasi na mafuta chini ya ngozi, alifariki akiwa na umri wa miaka 31, viungo vyake vya ndani vikiwa vimeshindwa kazi baada ya madawa mengi. Hatusemi kwamba kila ajengaye mwili hutumia dawa. Twasema kwamba mtu akiisha kuyafanya macho ya watu kuwa mizani yake, hana mpaka wa kumsimamisha.

Wala wanawake wetu hawakusalimika. Wako wanaomeza vidonge wanenepe ili wapendeze, na katika vidonge hivyo mna dawa ambazo mganga huwapa wagonjwa kwa hadhari: hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuupunguzia mwili kinga yake. Unene huo huonekana kuwa ni neema, kumbe ni uvimbe. Na mazoezi ya kweli wengi wao hunyimwa kwa kuambiwa kwamba si adabu, ilhali yamepokewa mapokezi ya kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha. Mwanamke ana mwili wa kuutunza kama mwanamume, na sitara haikuwa kizuizi cha siha.

Mtu ataweza kutujibu: Je, mwataka tuwe wachafu na wenye sura mbaya? Mungu hapendi uzuri? Twasema, uzuri hatuukatazi. Kuoga, kuvaa vizuri, kutia manukato, kuwa na kimo kilichonyooka, yote ni mema. Lakini Sura ya Al-Munafiqun yataja watu ambao miili yao humpendeza atazamaye, kisha yawafananisha na magogo yaliyoegemezwa ukutani. Gogo lililoegemezwa halibebi dari wala halizuii mlango. Halikuaibishwa kwa kuwa ni zuri. Aibu yake ni kutokuwa na kazi. Uzuri ufuatao nguvu, kama rangi ya tunda lililoiva, ni neema. Uzuri utafutwao kwa kuiharibu siha ni tunda lililopakwa rangi.

Mwingine atasema: Mimi nilianza kwa ajili ya kioo, lakini sasa nalala vyema, nimeacha sigara, na mgongo hauniumi. Huyo twampa mkono. Wangapi walianza kusoma kwa kutaka cheo, elimu ikawageuza? Nia si jiwe. Lakini haigeuki yenyewe. Yataka mtu akae aiulize.

Liko na jambo la tatu, ambalo wasemao juu ya nguvu mara nyingi hulisahau. Katika barabara za Satellite na Kawangware hupita wasukuma mikokoteni ya maji. Mitungi 10 tu ya lita 20 ni kilo 200, mbali na uzito wa mkokoteni wenyewe, na mtu mmoja husukuma mlimani kwa chakula kidogo. Huyo ana nguvu kuliko wengi waliomo katika majumba ya vioo, na hapana ampigaye picha. Lakini je, ana siha? Hapumziki mpaka mwili uchoke kabisa, huumia mgongo na asiweze kulala hata siku moja, kwani akilala watoto hawali. Basi nguvu peke yake si siha. Siha yataka kazi, chakula na pumziko, vyote vitatu kwa kiasi. Na haifai kijana mwenye mikono minene ampite mtu huyo amekwama mlimani, kisha aende akalipe fedha ili asukume chuma ndani ya nyumba. Amsukumie kwanza mkokoteni hadi juu. Zoezi ni lile lile, na thawabu juu yake.

Wala msidhani kwamba nguvu ina sura moja. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa hapa kwetu Kenya alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, katika mbio za majaribio zisizoandikwa kuwa rekodi rasmi. Ni mtu mwembamba, ambaye asiyemjua angempita njiani asigeuke. Na katika Masahaba, Abdallah bin Mas'ud alikuwa na miundi myembamba hata wenzake wakacheka walipoiona, Mtume (s.a.w.) akawajulisha kwamba miundi hiyo katika mizani ya Mungu ni mizito kuliko jabali la Uhud.

Basi twawausia nini wasomaji wetu?

Wazee: msimwambie kijana aache vyuma. Mwulizeni anakula nini na anameza nini. Unga auitao chakula cha misuli, ukiwa safi, hauna siri iliyo nje ya samaki, mayai, maziwa, kunde na maharage. Na kile kiuzwacho kwa sindano asikiguse. Nanyi wenyewe inukeni. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, lilipendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na siku 2 au zaidi za kuitia misuli nguvu. Na kwa waliofika miaka 65, siku 3 au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 kwa juma, hazimshindi mwenye duka.

Vijana: saa ya vyuma yenu huingiliana na Magharibi. Yeyote ambaye hawezi kuweka chuma chini kwa ajili ya sala, chuma hicho ndicho kimnyanyuacho yeye. Kisha jiulizeni: lau vioo vyote vya jumba hilo vingefunikwa, na simu zikaachwa mlangoni, mngerudi kesho? Atakayejibu kwamba angerudi, mazoezi yake ni yake. Atakayesita, na atengeneze nia.

Mwendapo nyumbani likizoni, mtawakuta wazee wenu katika nyumba za ghorofa za Mji wa Kale, ngazi zake nyembamba na zenye giza. Siku mzee akizidiwa usiku, gari la hospitali halipandi ngazi. Hushushwa na mikono ya watu. Na siku atakapokufa, jeneza halitasukumwa kwa mashine hadi Kikowani. Litakwenda kwa mabega. Kwa siku hizo mbili jitieni nguvu.

Mwenyezi Mungu atujaalie miili yenye siha na nia zilizo safi. Wabillahi taufiq.