Mahindi Yaliyonyeshewa

Soma Mathayo 7:12. Mkulima wa Ushirombo aliyaanika mahindi kwenye udongo mtupu, mvua ikayanyeshea. Mengine yameota kuvu. Yaliyo safi amewawekea watoto wake. Yenye kuvu anataka kuyapeleka sokoni. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na kupika ugali hakuiondoi. Ng'ombe akilishwa, hurudi katika maziwa. Kuyateketeza ni hasara, na ada ya shule inadaiwa. Lakini mnunuzi naye ana watoto. Kanuni za afya huanzia shambani, kwenye turubai la kuanikia.

Jadilini: Kanisa limsaidieje mkulima huyu kuibeba hasara yake?