Maji ya Atakayefuata

Swali la usafi wa kidini limezoeleka kuulizwa kwa upande wa mtu mmoja, yaani mwili wake, nia yake na Mola wake, ilhali sehemu kubwa ya historia ya kuoga ni historia ya maji yanayotumiwa na watu wengi, na yale yaliyokwisha kumgusa wa kwanza ndiyo yatakayomgusa wa pili. Mwambao wa Kilwa na Lindi una visima, mabirika ya misikiti na bahari, lakini haukujenga desturi ya kuoga pamoja katika chemchemi za moto kama ile ya Japani. Hata hivyo desturi hizo mbili zikisomwa sambamba hufichua jambo ambalo kila moja ikiwa peke yake hulificha, nalo ni kwamba maji ya tohara mara nyingi hayakusudiwi kuondoa uchafu.

Huko Japani chemchemi ya maji ya moto huitwa onsen, na sheria ya mwaka 1948 huyatambua maji kuwa ya aina hiyo yakitoka ardhini yakiwa na joto lisilopungua nyuzi 25 za Selsiasi, au yakiwa na kiwango kilichowekwa cha mojawapo ya madini yaliyoorodheshwa. Sheria hiyo inahusu maji; adabu ya waogaji imehifadhiwa na mazoea. Anayeingia huvua nguo zote, huketi juu ya kigoda kifupi kando ya bwawa, hujisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo hushuka majini taratibu, akiwa amefunga nywele zake kama ni ndefu, na akiwa amelishikilia au kuliweka kichwani taulo dogo ambalo haliruhusiwi kugusa maji ya bwawa. Hakuna kupiga mbizi wala kurushiana maji. Kwa mgeni jambo hili ni la ajabu, kwa kuwa mtu anaoga kwanza ndipo aende kuoga, na akiuliza bwawa lina kazi gani basi, hatapata jibu katika sabuni.

Jibu moja limo katika nyumba za watawa wa Zen, tawi la dini ya Buddha linalosisitiza kutafakari, ambako bafu ni mojawapo ya mahali patatu pasiposemwa neno, pamoja na ukumbi wa kutafakari na choo. Bafuni humo huwekwa sanamu ya Bhadrapala, ambaye ni bodhisatva, yaani mwenye kuelekea uamsho kamili huku akijitoa kwa ajili ya viumbe wengine, na masimulizi yanaeleza kwamba alipoingia kuoga pamoja na wenzake alitambua ghafla kuwa maji hayaoshi uchafu wala hayaoshi mwili. Fumbo hilo laweza kuonekana kuwa geni kabisa kwa msomaji aliyesomeshwa fiqhi, yaani elimu ya hukumu za ibada na maisha katika Uislamu, lakini ugeni huo ni wa juujuu.

Kilwa Kisiwani kuna maji ya aina mbili yanayostahili kutazamwa. Ya kwanza ni bwawa la pembe nane katika jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na ambalo magofu yake yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960. Ya pili ni maji ya kutawadhia ya Msikiti Mkuu, yaliyotekwa kisimani na kuwekwa kwa ajili ya yeyote aliyekuja kuswali, awe tajiri wa dhahabu ya Sofala au baharia aliyeshuka chomboni asubuhi hiyo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu Sultani huyo kwa unyenyekevu na ukarimu, akieleza kwamba alikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Haielekei, hata hivyo, kwamba aliogelea nao. Bwawa la Husuni Kubwa hupigwa picha na watalii na kusifiwa katika vitabu, na ni haki yake kwa uzuri wa umbo, lakini kwa swali linalojadiliwa hapa lina machache ya kusema, kwa sababu maji ya mfalme hayamdai mtu adabu yoyote isipokuwa kutoyakaribia. Birika la msikiti ndilo lililohitaji elimu.

Safarini kuelekea Kilwa, Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa, na huko aliona kwenye milango ya misikiti visima vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, ambavyo maji yake yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja. Kila aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaipangusa kwa mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Chombo hicho ni ndugu wa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, ambacho kimetumika katika nyumba na misikiti ya mwambao kwa karne nyingi. Msafiri huyo hakueleza sababu ya mpini. Sababu moja yaweza kusomwa katika madhehebu ya Shafii, ambayo aliyakuta Mombasa na Kilwa na ambayo Waislamu wengi wa pwani hiyo wanayafuata hadi leo.

Katika madhehebu hayo maji hugawanywa kwa wingi wake. Yakifikia kulateni, kipimo cha kale ambacho kwa hesabu za leo hukadiriwa kuwa lita 200 hivi, ingawa wanazuoni hutofautiana katika ukadiriaji huo, hayaharibiki kwa kuguswa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakiwa chini ya hapo ni maji machache, na maji machache ni dhaifu kwa namna mbili. Najisi ikiyaangukia yamenajisika hata kama hayakubadilika, na yakishatumika katika tohara ya faradhi, kama vile udhu wa sala au josho la janaba, ambalo ni kuoga mwili mzima baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii, huitwa mustaamali, yaani yaliyotumika, ambayo ni safi yenyewe lakini hayawezi tena kumtohirisha mwingine. Mafakihi wameifuata kanuni hii hadi mwisho wake: mtu anayetawadha kutoka katika chombo kidogo, akishamaliza kuosha uso akachovya mkono ndani bila kunuia kwamba anateka tu, amekwisha kuyatumia maji yote yaliyomo. Hakuna macho yatakayoona tofauti, kwa kuwa maji ni yaleyale, meupe, matamu, baridi, na kilichobadilika ni haki ya yule anayesubiri nyuma yake.

Mpini wa kata, basi, unaweza kusomwa kama hukumu iliyotiwa katika kifuu. Anayeteka kwa kata hahitaji kuikumbuka nia ya kuteka kila anapokunja mkono, kwa sababu chombo kimemkumbukia, na mzee asiyejua kusoma na mtoto aliyeanza chuo juzi wote hulinda maji ya wenzao bila mjadala. Taulo linalokaa kichwani mwa muogaji wa Japani linafanya kazi hiyohiyo. Ni kweli kwamba Mjapani hataji janaba wala faradhi, na kwamba Mshafii hataridhika na bwawa la moto kwa sababu tu watu wamejisafisha kabla ya kuingia. Lakini wote wawili wamekubali kwamba uchafu unaoonekana huondolewa nje ya maji ya pamoja. Fiqhi inamtaka mtu aondoe kwanza najisi iliyo mwilini, na Hadithi aliyoipokea Muslim inamkataza mwenye janaba kuoga ndani ya maji yaliyotuama, ikimwelekeza ayateke. Kwa hiyo hata kwa Mwislamu maji ya josho humfikia mtu aliyekwisha kusafika, na kinachoondoka ni hadathi, hali ya kihukumu isiyo na harufu wala rangi, inayomzuia mtu asiswali. Hapo Bhadrapala na mwalimu wa madrasa ya Kilwa Kivinje wangeweza kuelewana kwa kitambo, ingawa wasingeagana wakiwa wamekubaliana.

Wangeachana kwenye uchi. Mwili wa muogaji wa Japani huachwa wazi mbele ya wenzake wa jinsi yake, na zamani hata jinsi zote mbili zilioga pamoja, mpaka serikali za enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, zikapiga marufuku kwa sehemu kwa kuona haya mbele ya wageni wa Ulaya na Marekani. Katika Uislamu uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na mvuvi wa Lindi anayejimwagia maji ya kisima ufukweni hufanya hivyo akiwa na msuli au shuka kiunoni. Nyumba za kuogea za moto, yaani hamamu, zilikuwako hata hivyo katika miji ya Waislamu, na mwambao wa Afrika Mashariki ulipata ya umma huko Hamamni, Unguja, katika enzi ya Sultani Barghash bin Said (1870–1888). Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ananukuu katika kitabu chake cha Ihya rai mbili za masahaba juu ya hamamu: wengine waliisifu kwa kuwa huusafisha mwili na kuukumbusha Moto, na wengine waliilaumu kwa kuwa hufunua uchi na kuondoa haya. Hakuchagua upande mmoja. Aliweka wajibu minne, miwili juu ya uchi wa mtu mwenyewe, ambayo ni kuusitiri usionekane wala usiguswe, na miwili juu ya uchi wa wengine, ambayo ni kuinamisha macho na kumkataza anayejifunua. Kisha akaongeza kwamba mtu asimwage maji kupita haja yake, hasa ya moto, kwa kuwa yamegharimu mali na taabu ya mtu. Nusu ya adabu ya kujisafisha, kwa hesabu ya Ghazali, ni ya kuwahusu wengine.

Pingamizi kubwa kwa hoja hii latoka karibu zaidi na Kilwa kuliko Japani. Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, Kinjikitile Ngwale alisemekana mwaka 1904 kuingia ndani ya bwawa la mto, kubaki humo, na kutoka siku iliyofuata akiwa mkavu, akiwa na uwezo wa kutoa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Maji hayo hayakuulizwa wingi wake wala nani ameyagusa. Nguvu ilikuwa ndani yake, na aliyeyapokea aliondoka nayo. Hata hivyo yalikuja na miiko, ya kujizuia na tendo la ndoa na ya kutopora mali vitani, na vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani hao vilipowageukia watu baada ya Julai 1905, wako waliosema kwamba maji hayakushindwa bali miiko ilivunjwa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata maji yaliyosadikiwa kuwa na nguvu yenyewe hayakuachwa yafanye kazi peke yake. Yalitegemea mwenendo wa kila aliyenyunyiziwa, na kosa la mmoja liliweza kutajwa kuwa sababu ya kifo cha jirani yake.

Fiqhi ina mfano ulio mkali zaidi, nao unawahusu watu wa bahari. Maiti wa Kiislamu ni lazima aoshwe kabla ya kuzikwa, na wanazuoni walijiuliza hukumu ya mtu aliyekufa maji, ambaye bahari imekwisha kumfunika mwili mzima kwa wingi unaozidi kulateni mara zisizohesabika. Wako waliosema kwamba kuzama kwake kunatosha. Imam Nawawi, katika Minhaji, kitabu ambacho ni nguzo ya masomo ya Kishafii, alilirudisha jambo hilo kwenye kauli ya Shafii mwenyewe na kuamua kwamba ni lazima aoshwe, kwa kuwa amri ya kumwosha haikuelekezwa kwa maji wala kwa maiti, bali kwa walio hai.