Baada ya Dhiki, Si kwa Sababu Yake

Tangu niache chuo, kuna hadithi nimesimuliwa mara nyingi sana, hasa na watu wanaojua napenda roki. Ni ya Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath. Husimuliwa hivi: kijana alikatwa vidole na mashine kiwandani, akadhani maisha yameisha, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Bila ile ajali hatungekuwa na hevi meto. Halafu msimulizi hunigonga bega na kusema, "Umeona? Hata wewe, hii kitu itageuka baraka."

Huwa naitikia kwa kichwa. Adabu ni adabu. Lakini nikifika kwangu na kushika gita, swali linanirudia: je, ni haki kuiita hasara baraka kwa sababu tu kuna kitu kizuri kilikuja nyuma yake?

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka ni 1965, mji ni Birmingham, Uingereza. Iommi ana miaka 17 na anafanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku hiyo ilikuwa awe anamaliza, aache kazi aende akapige muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na cha pete. Watu wengi husahau kwamba jamaa hutumia mkono wa kushoto. Kwa hivyo ule wa kulia ndio ulikuwa wa kubana nyuzi. Angekuwa kama wengi wetu, ajali hiyo hiyo ingemwacha na maumivu lakini gita lingebaki. Yeye ilimkata palepale.

Bosi wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi aliyeungua vibaya mwaka 1928 na kubaki na vidole viwili tu vya kupigia solo. Iommi akasikiliza. Kisha akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivalisha ngozi ili vishike uzi bila kuteleza. Nyuzi za gita za wakati huo zilikuwa nene mno kwa vidole hivyo, akatafuta nyembamba, mwanzoni zile za banjo. Na ilipofika albamu ya Master of Reality, mwaka 1971, alikuwa amefanya jambo jingine: katika nyimbo kadhaa alizilegeza nyuzi zote, nusu toni tatu chini ya kawaida.

Uzi uliolegezwa haudai nguvu nyingi. Kidole kinaubana kwa urahisi, kinauvuta bila kuumia sana. Lakini pia unashuka sauti, unakuwa mzito, unatikisa kifua. Ule uzito ambao baadaye bendi nyingi ziliuiga, ambao leo mtu akiusikia anajua hii ni meto, ndani yake kuna mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kupiga bila kuumia.

Hapo ndipo hadithi inaponigusa, lakini si pale wanapotaka iniguse.

Ukinunua gita leo, watakufundisha kulikaza hivi kutoka uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Huitwa mkazo wa kawaida, na mwanafunzi hudhani kawaida hiyo ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Ni makubaliano ya watu, na ni makubaliano mazuri: mkono wenye vidole vyote hupata skeli na kodi nyingi bila kuruka mbali. (Kodi za gita, si ile ya landilodi.) Hata kipimo chenyewe cha sauti ni cha kupatana. Mwaka 1859 Ufaransa ilipitisha sheria kwamba noti ya A iwe mitetemo 435 kwa sekunde. Mwaka 1939, mkutano wa kimataifa uliofanyika London ukasema 440. Noti ni ileile, jina ni lilelile, watu tu ndio walikaa wakabadilisha.

Na wapo wasiozifuata kabisa. Keith Richards wa Rolling Stones alitoa uzi wa sita akabaki na vitano, akavikaza G, D, G, B, D, na humo ndimo ilimotoka rifu ya "Brown Sugar". Mkazo huo hakuubuni yeye. Wapiga bluzi weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa nao zamani, na banjo pia, chombo ambacho asili yake ni Afrika. Jimmy Page wa Led Zeppelin alipiga "Kashmir" kwa D, A, D, G, A, D, mkazo uliotoka kwa Davey Graham, Mwingereza aliyewasikiliza wanamuziki wa Morocco. Kila mkazo unakupa kitu na kukunyima kingine. Ukikaza kama Richards, kodi moja inakuja kwa kidole kimoja tu, lakini nyingine ulizozizoea zinakukimbia.

Kwa hivyo mbele ya kawaida una maswali mawili. Unaweza kuuliza: mkono huu una kasoro gani? Au: gita hili lilikazwa kwa ajili ya mkono wa nani? Iommi angeweza kukaa na swali la kwanza maisha yake yote. Alienda na la pili. Hilo ndilo nampigia makofi. Mashine siipigii makofi.

Maana mashine haikumpa mtu muziki. Iommi hakuwa mtu wa kwanza kukatwa vidole kiwandani Uingereza, wala wa mwisho. Kama jeraha ndilo huzaa sanaa, basi hao wengine wote wangekuwa na albamu. Walirudi tu nyumbani na vidole pungufu. Sisi tunamkumbuka mmoja aliyetoka, halafu tunaishukuru ajali iliyowazamisha wengine.

Wazee wetu walisema baada ya dhiki faraja. Sikiliza vizuri. Walisema "baada ya". Hawakusema "kwa sababu ya". Faraja inaweza kuifuata dhiki kama asubuhi inavyoufuata usiku, na bado usiku usiwe mama wa asubuhi. Sisi ndio tumeisikia vibaya hiyo methali.

Mnaweza kuniambia nagombana na maneno tu. Hapana. Maneno haya yana bei. Ukisema ajali ilikuwa zawadi, umemgeuza mwenye kiwanda kuwa mfadhili, na hakuna anayemdai mfadhili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea uhasibu, baada ya kazi ya budangu kuisha na salio la karo kukaa kwenye jina langu hadi siku ya mitihani. Niliondolewa kwenye foleni mbele ya watu niliokuwa nawafundisha hesabu usiku. Leo naandika, ndiyo. Naandikia watu wengine makala, na usiku najiandikia hizi zangu. Nayapenda maisha haya kiasi. Lakini ukiniambia kufukuzwa kulikuwa baraka, umemsamehe mtu ambaye mimi bado sijamsamehe, na hukuniuliza.

Nakubali jambo moja. Mwenye jeraha mwenyewe akiamua kuliita baraka, sina neno. Jina la jeraha ni la mwenye jeraha. Shangazi yangu aliyezika watoto wawili husema Mungu ana mpango wake, na mimi hunyamaza, kwa sababu amelipa bei ya kusema hivyo. Tatizo ni pale maneno hayo yanapotoka kwa mtu aliyesimama kando, ambaye anachotaka hasa ni mazungumzo yaishe.

Kuna kodi moja ambayo hard roki inaipenda kuliko zote, pawa kodi. Kodi ya kawaida ina noti tatu, na ile ya tatu kwenye skeli ndiyo huamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni. Pawa kodi huiacha. Inapiga ya kwanza na ya tano tu. Ampu ikikwaruza sauti kwa nguvu, ile noti ya tatu huvuruga kila kitu, inakuwa tope. Ukiitoa, kodi inasimama imara, haisemi inacheka wala inalia. Watu wengi wananitaka niongeze noti ya tatu: sema ilikuwa baraka, au kubali umeshindwa. Kwa sasa, acheni niipige hivyo hivyo. Kuna kelele nyingi bado.

Na kuna mtu mmoja husahaulika kwenye hadithi hii. Iommi alipolegeza nyuzi, Geezer Butler alilegeza za besi yake pia. Angebaki pale kwenye kawaida, akipiga vile vile alivyozoea, ingekuwa fujo tu, na Iommi ndiye angeonekana amekosea. Huwezi kushuka peke yako ndani ya bendi.

Gita langu nililinunua kwa mtu, shingo yake imepinda, nikilikaza hadi E linapiga kelele kama mlango. Huwa nalishusha. Jumapili fulani rafiki yangu mwenye besi alikuja, akanisikiliza kidogo, hakuniuliza kwa nini niko chini wala hakuniambia itakuwa sawa. Alishika vigingi vya besi yake, akaanza kuvizungusha taratibu huku sikio lake likiwa kwangu, hadi tukakutana.