Nani Anasema? Pakruok na Neno Lisiloandaliwa

Pakruok ni sanaa ya Wajaluo ya kujisifu mbele ya watu kwa maneno yanayobuniwa papo hapo, muziki ukiwa umetulizwa ili msemaji asikike. Neno lenyewe limetokana na kitenzi pako, yaani kusifu, pamoja na kiishio kinachoonyesha kwamba mtenda anajitendea. Vitabu vya fasihi simulizi huiweka katika fungu la majigambo, pamoja na vivugo vya Wahaya na Wanyambo wa Karagwe. Fungu hilo linaficha tofauti moja kubwa. Kivugo hutungwa na kuhifadhiwa kichwani kabla ya kughanwa, ilhali pakruok haina mswada wala mazoezi. Jamaa yake wa karibu, kwa hiyo, ni maigizo ya papo kwa papo, yale ambayo mwigizaji hupanda jukwaani bila kujua atasema nini.

Katika bonde la Lambwe, kati ya vilima vya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa, nafasi za pakruok ni matanga, harusi na vikao vya pombe. Jathum, yaani mpigaji, huketi chini na nyatiti yake ya nyuzi nane, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala kuweka mapigo. Anayetaka kusema huinuka, huangusha sarafu kwenye sahani, na nyuzi hushuka sauti. Anaweza kudai kwamba yeye ndiye korongo wa Ruma, alaye nyasi za serikali bila kudaiwa kodi. Kicheko hakijaisha, sarafu nyingine inalia sahanini: huyu wa pili ni mbung'o, aliyewahamisha wenye ng'ombe bila barua ya mkuu wa wilaya. Asiyeijua Lambwe hacheki. Swala aina ya korongo wa mwisho nchini Kenya wamo Ruma, eneo lililotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Na ni mbung'o, pamoja na malale wanayoeneza, waliofanya sehemu kubwa ya bonde hilo ikimbiwe na watu na mifugo.

Sasa, yule bwana si korongo, na kodi huenda analipa. Je, amesema uongo? Kwa Mkristo aliyelelewa katika mafundisho ya misheni kama ile ya Waadventista, waliofika Gendia na mmisionari Arthur Carscallen mwaka 1906, jigambo lina makosa mawili kwa mpigo: si kweli, na ni kiburi. La tatu ni kwamba mara nyingi linanuka pombe, lakini hilo ni shtaka dhidi ya kikao, si dhidi ya neno.

Shtaka la uongo ni dhaifu kuliko linavyoonekana, na aliyelidhoofisha ni mwanateolojia wa Afrika Kaskazini. Augustino wa Hippo, katika risala yake juu ya uongo ya mwaka 395 hivi, anauweka mzaha kando kabla hata ya kuanza hoja, kwa sababu sauti na hali ya mtaniaji huonyesha wazi kwamba hana nia ya kudanganya. Mwongo humficha msikilizaji jambo. Anayejigamba kwa pakruok humpa msikilizaji kila kitu mkononi: sarafu imeonekana, muziki umetulia, kila mtu anajua kwamba sasa ni zamu ya kutia chumvi. Uislamu ni mkali zaidi hapa. Mtume anapokewa katika Hadithi kuwa alitania lakini hakusema ila kweli, na kumetolewa onyo kwa anayesema uongo ili kuchekesha watu. Kwa kipimo hicho msemaji wa Lambwe angetakiwa kutafuta mzaha uliojengwa juu ya ukweli. Mara nyingi ndivyo afanyavyo: nyasi za Ruma kweli ni za serikali.

Kiburi ni shtaka zito zaidi, na jibu lake linategemea swali la nani hasa anasema. Mwenye kujivuna kila siku anadai kwamba sifa ni zake. Aliyenunua nafasi ya pakruok amekodi sifa kwa muda wa sarafu moja. Wa pili akilipa, korongo anarudi kuwa jirani mwenye deni dukani. Hicho ni kiburi chenye mwisho uliopangwa, tena mikononi mwa wengine. Ni vigumu kuona majivuno ya kweli yakikubali masharti ya namna hiyo.

Nchi hiyohiyo ya Wajaluo ina jibu jingine kabisa kwa swali la neno lisiloandaliwa. Katika makanisa ya Roho, yaliyoanza miongoni mwa Wajaluo tangu 1912, na katika Legio Maria, iliyozaliwa mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na ambayo mlima wake mtakatifu wa Got Kwer uko Migori, mtu huweza kusimama na kusema asichokitayarisha. Hapo msemaji hujitoa: anayesema ni Roho, yeye ni mdomo tu. Kwa nje matukio mawili yanafanana, maana hakuna karatasi, sauti inapanda, hadhira inaitikia. Kwa ndani yamegeuziana mgongo. Wa kanisani anasema neno si lake hata kidogo. Wa kwenye nyatiti anasema ni lake kupita kiasi.

Mjadala huu una umri mrefu. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Ion, anamfanya Sokrate amwambie mghani wa mashairi kwamba hasemi kwa ufundi bali kwa nguvu ya kimungu inayompitia, kama sumaku inavyovuta pete moja na pete hiyo kuvuta nyingine. Aristotle naye anaeleza kwamba tamthilia ya Kigiriki, ya kuhuzunisha na ya kuchekesha, ilianza kwa kubuni papo hapo. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo ya papo kwa papo, aliandika mwaka 1979 kwamba wazo la sanaa kuwa kujieleza nafsi ni la ajabu katika historia, kwa kuwa msanii wa zamani alihesabiwa mtumishi wa Mungu. Aliwashauri wanafunzi wasijitahidi kuwa werevu, walipokee wazo la kwanza linalokuja. Hakusema linatoka wapi.

Falsafa ya Kenya ina nyenzo za kulijibu swali hilo kwa sehemu. Henry Odera Oruka, katika utafiti wake wa wahenga uliochapishwa mwaka 1990, aliwagawa wenye hekima makundi mawili: wanaorudia busara ya jamii vizuri, na wanaoipima kwa akili yao wenyewe. Miongoni mwa aliohojiana nao ni Paul Mbuya Akoko, aliyekuwa ameandika juu ya mila za Wajaluo tangu 1938. Mgawanyo huo unafaa pakruok. Kuna majina ya sifa yanayorithiwa, ambayo mtu huyatamka kama salamu. Na kuna lile la mbung'o na mkuu wa wilaya, ambalo ndani ya kicheko limebeba hoja kuhusu nani ana haki ya kumhamisha mtu. La kwanza linasemwa na ukoo. La pili lina mwenyewe.

Linabaki suala la sahani. Kwa kuwa zamu hununuliwa, asiye na sarafu hana jina usiku huo, na mwenye noti nyingi anaweza kuukalia muziki mpaka alfajiri. Wanasiasa wamelijua hili zamani, na katika bendi za benga na ohangla jina hutajwa mara kwa mara kwa kadiri ya mfuko. Sifa iliyolipiwa kabla, ikatungwa na mwingine na kutiwa ndani ya wimbo, haina tena zamu ya kuonekana wala mshindani wa kuikatiza. Augustino aliusamehe mzaha kwa sababu msikilizaji anajua anachosikia. Hapa msikilizaji hakuiona sarafu ikianguka.